Kitabu cha mchezo wa anga kimeshuka bei: ununue au uache?

Wapenzi wa michezo ya kuigiza ya mezani wanayajua majira ya mwaka kwa barua pepe za punguzo. Machi ni Siku ya Waendeshaji, Julai ni ile ofa ya DriveThruRPG, duka la mtandaoni la vitabu vya michezo hii, inayoitwa Krismasi ya Julai, Novemba ni Ijumaa Nyeusi, na katikati ya hapo Bundle of Holding na Humble Bundle, tovuti zinazouza vitabu vingi kwa mpigo, hawachoki kufungua vifurushi vipya. Ukiwa mpenzi wa bunilizi za kisayansi ndiyo balaa zaidi, maana michezo ya anga ina vitabu vingi kupita kiasi: kitabu cha meli, kitabu cha silaha, kitabu cha roboti, kitabu cha sayari za pembe fulani ya galaksi ambayo hata wahusika wako hawatafika. Mwishowe simu imejaa PDF na dadu bado ziko kwenye boksi la ludo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni watu watatu hadi sita hivi wamekaa mezani au kwenye simu ya video. Mmoja ni mwendeshaji, anayesimulia dunia na watu wake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo likiwa na hatari, dadu ndizo zinazoamua. Kitabu kinabeba kanuni na dunia hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei imekatwa kiasi gani, jiulize kitabu kitafanya kazi gani mezani kwako, na lini. Hatua zifuatazo zote ni njia za kulijibu swali hilo kabla hujaingiza namba ya kadi.

Hatua ya 1: Jua ni kitabu cha aina gani

Kitabu cha msingi kina kanuni zote za kuanzia: kutengeneza mhusika, kurusha dadu, mapigano, safari za anga. Bila hicho huchezi. Vingine vyote ni nyongeza, na nyongeza hazilingani.

Maoni yangu, na najua kuna watakaobisha: kitabu cha visa, yaani hadithi zilizoandaliwa tayari kuchezwa, kina thamani kuliko katalogi ya vifaa. Kisa kimoja kizuri kinakupa Jumamosi mbili au tatu za mchezo. Kurasa 150 za bunduki za leza zinampa mchezaji mmoja furaha ya dakika kumi. Baada ya visa naweka vitabu vyenye majedwali ya kuzalisha vitu, kwa mfano sayari, abiria, mizigo, matatizo ya injini, kwa sababu mwendeshaji huyafungua kila wiki. Vitabu vya historia ya dunia ya mchezo vinasomeka vizuri kitandani, lakini usijidanganye kwamba wachezaji wako watavisoma.

Kwa hiyo ukiona ofa, chukua karatasi, andika majina ya vitabu, na mbele ya kila kimoja weka herufi: M kwa msingi, V kwa visa, J kwa majedwali, K kwa katalogi, H kwa historia. Kifurushi chenye K na H tupu kiache, hata kama wanasema umeokoa dola mia.

Hatua ya 2: Angalia toleo, tena kwa makini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua Traveller, mzee wa michezo ya anga. Marc Miller na kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani waliutoa mwaka 1977 kama vijitabu vitatu vyeusi ndani ya boksi. Ukafuata MegaTraveller mwaka 1987, kisha The New Era mwaka 1993 wenye kanuni nyingine kabisa, kisha toleo la nne mwaka 1996, kisha ukapita kwenye kanuni za GURPS, halafu za d20, ambayo ni mifumo ya kanuni inayotumiwa na michezo mingi. Mwaka 2008 Mongoose Publishing ya Uingereza ikaurudisha kwenye dadu mbili za kawaida, ikatoa toleo lake la pili mwaka 2016, na mwaka 2022 ikakisahihisha na kukipanga upya kitabu cha msingi. Toleo la tano la Miller mwenyewe lilitoka mwaka 2013, kitabu kinene cha kutisha. Vyote hivi vinaitwa Traveller. Ofa iliyoandikwa "Traveller" tu haijakwambia kitu.

Habari njema ni kwamba visa vya miaka ya 1970 na 1980 vinachezeka kwa kanuni za Mongoose bila shida kubwa, kwa kuwa mifupa ni ileile: dadu mbili, jumlisha ujuzi wako, fikisha 8. Visa vya The New Era vinahitaji kazi zaidi ya kubadilisha namba.

Kuna na mtego wa majina. Cyberpunk 2020 ilitoka mwaka 1990; hiyo 2020 ni mwaka wa hadithi, enzi hizo ulionekana wa mbali. Kilichotoka mwaka 2020 ni Cyberpunk RED, ambacho kanuni zake ni tofauti. Nimeona watu wakinunua kimoja wakidhani ni kingine, na ukisoma tangazo haraka huwezi kuwalaumu.

Halafu Starfinder ya kampuni ya Paizo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2017, la pili mwaka 2025, na la pili limejengwa juu ya kanuni za toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa Paizo, kwa hiyo namba za vitabu vya zamani haziingiliani nalo. Toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei, jambo la kawaida. Je, la zamani ni baya? Hapana. Kama meza yako inacheza toleo la kwanza na imeridhika, huu ndio wakati wa kujaza rafu. Kama ndiyo mnaanza, na mnatarajia kupata wenzenu wa kucheza nao mtandaoni, mtajikuta mnaongea lugha ambayo wengine wanaiacha.

Sababu nyingine ya bei kushuka ni leseni. Michezo iliyojengwa juu ya filamu au tamthilia za televisheni huuzwa kwa mkataba, na mkataba ukiisha vitabu huondolewa dukani. Karibu na siku hiyo huwa kuna punguzo kubwa la kumaliza mzigo. Ukinunua PDF wakati huo, ipakue siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Soma masharti ya ofa yenyewe

Bundle of Holding kwa kawaida huwa na ngazi mbili. Ukilipa bei ya chini unapata vitabu vya kuanzia. Ukilipa zaidi ya kiwango cha juu, ambacho hupanda kadiri watu wanavyolipa, unapata na vya ziada. Faili zake hazina kufuli na sehemu ya pesa huenda kwenye hisani. Angalia kitabu cha msingi kiko ngazi gani. Mara nyingi kiko chini, na hapo ndipo penye neema: lipa ngazi ya chini, cheza, usihangaike na ya juu. Ikiwa ngazi ya juu ndiyo yenye visa, fikiria tena.

Humble Bundle nao huuza kwa ngazi, lakini wakati mwingine unachopewa ni namba ya kwenda kukombolea kwenye tovuti nyingine, nayo ina tarehe ya mwisho. Usinunue ukaiweka "kwa baadaye".

DriveThruRPG huuza kitabu kimojakimoja. Faili nyingi huwekwa alama ndogo yenye jina lako na namba ya oda chini ya ukurasa. Haizuii kusoma wala kuchapisha. Inakukumbusha tu kwamba faili ni lako, usilitupe kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha kuna ofa za Roll20 na Fantasy Grounds, yaani meza za mtandaoni. Mara nyingi kinachouzwa hapo ni kitabu kilichofungwa ndani ya programu yao. Si PDF. Kama hamchezi kwenye programu hiyo, hata dola moja ni nyingi.

Na moja la kukaa nalo kichwani: vitabu vya Star Wars vilivyotolewa na Fantasy Flight Games, ambavyo sasa viko chini ya Edge Studio, havijawahi kuuzwa kihalali kama PDF. Mtu akikuuzia PDF zake kwa punguzo, amekuuzia mali ya wizi.

Hatua ya 4: Cheza cha bure kwanza

Michezo ya anga ina bahati moja: kanuni nyingi nzuri zinatolewa bure, na wenyewe wenye mali ndio wanaozitoa. Stars Without Number ya Kevin Crawford ina toleo la bure ambalo ni kitabu kamili cha kuchezea, na majedwali yake ya kutengeneza sayari na visa ni kati ya bora yaliyopo. Eclipse Phase imetolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kuigawa bure. Cepheus Engine, iliyojengwa kutoka kanuni wazi za Traveller, unaweza kulipa unachotaka. Kanuni za Starfinder zimewekwa wazi mtandaoni. Na kama mnataka kujaribu jioni moja tu, Lasers & Feelings ya John Harper ni ukurasa mmoja.

Cheza mojawapo kabla ya kununua chochote. Meza ikifurahia biashara ya kubeba mizigo, kulipa deni la meli na kukwepa forodha, basi Traveller wa punguzo utawafaa. Ikifurahia hofu na giza la meli iliyotelekezwa, tafuta Mothership. Ikichoka baada ya saa moja, umeokoa pesa zote.

Hatua ya 5: Mtihani wa sayari

Huu ndio mtihani ninaoupenda kuliko yote. Maduka mengi huonyesha kurasa chache za bure za kitabu. Usitazame picha. Tafuta utaratibu mmoja, jedwali au fomula, ukaufanye papo hapo na dadu mbili za ludo. Kitabu kikikupa kitu unachoweza kupeleka mezani leo jioni, kimefaulu.

Mfano halisi. Traveller hutengeneza sayari kwa kurusha dadu mbili tena na tena. Ukubwa ni jumla ya dadu kutoa 2. Tuseme umepata 9: ukubwa ni 7, ndogo kidogo kuliko Dunia yetu ambayo ni 8. Hewa ni dadu mbili, toa 7, jumlisha ukubwa. Umepata 6, kwa hiyo hewa ni 6, ya kawaida, watu wanapumua bila barakoa. Idadi ya watu ni dadu mbili kutoa 2. Umepata 8: ni 6, maana yake mamilioni. Serikali ni dadu mbili, toa 7, jumlisha idadi ya watu. Umepata 10: ni 9, ambayo kitabu kinasema ni serikali ya urasimu. Sheria ni dadu mbili, toa 7, jumlisha serikali. Umepata 7: ni 9, na katika kanuni za kale sheria ya 9 maana yake ni marufuku kubeba silaha nje ya nyumba yako. Maji na teknolojia tuyaache.

Sasa tazama ulichonacho. Wahusika wako wameshuka bandarini na bunduki begani, kama kawaida yao. Mlangoni yuko karani mwenye mihuri minne. Silaha zinatakiwa zikabidhiwe, fomu ni ya rangi ya njano, fomu za njano zimekwisha, anayezitoa ameenda kunywa chai, na mkubwa wa kitengo hayupo, njooni kesho. Mzigo wa nyama ulioko melini unaanza kuharibika. Nani katika wachezaji wa Dar au Mombasa hatajua namna ya kuigiza hapo? Namba tano zimezaa jioni nzima, na hukuhitaji kusoma historia ya himaya yoyote.

Kitabu kisichokupa kitu cha namna hii katika kurasa za kuonja, chenye aya ndefu za vita vya zamani na picha za meli zinazong'aa, huenda ni kizuri kwa kusoma. Kinunue kama kitabu cha kusoma, basi, na ukilinganishe bei na riwaya.

Hatua ya 6: Simu, dadu na steshenari

Vitabu vikubwa vya rangi vyenye safu mbili na mandhari nyeusi ya anga vinachosha kwenye simu: unavuta, unasogeza, unapotea. Vijitabu vya ukubwa wa daftari dogo, kama vile vya kale vya Traveller au vya Mothership, vinasomeka. Kama huna tableti, hili lina uzito kuliko punguzo.

Ukurasa wenye mandhari nyeusi pia ni adui wa mashine ya kuchapisha. Uliza kama kifurushi kina toleo la kuchapisha lisilo na mandhari. Baadhi ya wachapishaji huliweka. Halafu usichapishe kitabu kizima. Karatasi ya mhusika, muhtasari wa kanuni, na majedwali mawili matatu vinatosha.

Dadu nazo ni gharama. Traveller na Alien, mchezo uliojengwa juu ya filamu za jina hilo, hutumia dadu za pande sita, zilezile za ludo zinazopatikana duka lolote la Kariakoo. Alien inataka nyingi, tena za rangi mbili ili za hofu zitofautiane na za kawaida. Mothership inataka za pande 10 na ya pande 20. Starfinder inataka seti nzima ya pande 4 hadi 20. Star Wars ya Fantasy Flight ina dadu za alama zake zenyewe. Programu za simu zinaweza kurusha dadu zote hizi bure, lakini meza inayopenda mlio wa dadu haitaridhika.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya kweli

Kifurushi ni kama robota la mitumba: umelipia lote, lakini utavaa nguo chache za daraja la kwanza. Kwa hiyo gawanya bei kwa vitabu utakavyotumia, siyo kwa vilivyomo. Dola 20 kwa vitabu 18 zinaonekana kama dola moja na senti kadhaa kila kimoja. Rudi kwenye karatasi yako ya herufi. Kama vya kweli ni viwili, umelipa dola 10 kila kimoja. Linganisha hiyo na bei ya kuvinunua peke yake. Wakati mwingine bado ni nafuu. Wakati mwingine hicho kimoja unachokitaka kiko DriveThruRPG kwa bei ileile, bila mzigo wa vile vingine kumi na saba.

Ongeza makato ya kubadilisha fedha. Kwa walioko Kenya, tangu mwaka 2022 M-Pesa GlobalPay inatoa kadi ya Visa ya mtandaoni, na benki na mitandao ya simu ya nchi jirani nayo ina kadi zake. Kiwango cha dola kinachotumika siku ya kulipa ndicho kiangaliwe, maana hakifanani na kile cha kwenye taarifa ya habari.

Kitabu cha karatasi ni hadithi nyingine. Kitabu cha msingi chenye jalada gumu kina uzito, na nauli ya kukitoa Uingereza au Marekani inaweza kuzidi punguzo lote. Njia inayofaa ni kumpata mtu anayerudi nyumbani na nafasi kwenye begi, na kununua vitabu viwili vitatu kwa mpigo. Au nunua PDF leo, na karatasi isubiri shangazi aje Desemba.

Hatua ya 8: Uliza meza

Kabla ya kubonyeza, tuma ujumbe mmoja kwenye kundi: "Wakuu, kuna mchezo wa wafanyabiashara wa anga, tunauanza tukimaliza hiki tunachocheza. Nani yumo?" Kisha subiri. Wakijibu watatu na mmoja akauliza anaweza kuwa rubani, nunua. Likija dole gumba moja la kimya kutoka kwa yule anayekubali kila kitu, acha.

Na usiogope saa inayohesabu kurudi nyuma pembeni ya ofa. Bundle of Holding huwa na desturi ya kurudisha vifurushi vyake vya zamani, na DriveThruRPG ina orodha ya matamanio: weka kitabu humo, kikishuka bei utaarifiwa. Ukishanunua, pakua kila faili, weka nakala kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, na futa kwenye simu kila chenye herufi K.